Wi-Fi Inaposumbua Nyumbani: Jinsi ya Kukibaini Kifaa Kinachoingilia Mawimbi

Masafa ya 2.4 GHz, ambayo ruta nyingi za nyumbani bado huyategemea, hayana mwenyewe. Kimataifa yalitengwa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, na sheria za nchi nyingi zikaruhusu vifaa vya nguvu ndogo viyatumie bila leseni, kwa sharti kwamba kila kifaa kivumilie usumbufu wa vingine. Ndani ya ukanda huo mwembamba, unaoanzia 2400 MHz na kuishia 2483.5 MHz, hukutana Wi-Fi yako, Wi-Fi ya jirani, spika ya Bluetooth, mausi isiyo na waya, kamera ya kumwangalia mtoto, kengele ya mlangoni, na tanuri ya maikrowevu ambayo haikuundwa kuwasiliana na chochote. Vifaa hivyo kuingiliana ni jambo la kawaida na mara nyingi hakuna anayelihisi. Kinachotafutwa hapa ni kile kimoja au viwili ambavyo usumbufu wake umezidi hadi simu ya video inakatika na ukurasa haufunguki.

Fundi makini huanza kwa kuuliza tatizo hutokea saa ngapi na mtumiaji akiwa sehemu gani ya nyumba. Mwingiliano wa mawimbi hufuata nyendo za watu: huja wakati wa kupasha chakula, wakati majirani wamerudi kutoka kazini, au tangu siku ile kifaa fulani kilipoletwa nyumbani. Tatizo lisilofuata ratiba yoyote ya namna hiyo huwa na chanzo kingine, na ni busara kukiondoa chanzo hicho kwanza.

Hakikisha kosa liko ndani ya nyumba

Malalamiko mengi yanayoitwa "Wi-Fi mbovu" ni ya mtoa huduma, si ya mawimbi. Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni rahisi. Kwenye kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig na utafute anwani ya lango (Default Gateway), yaani ya ruta yako, ambayo kwa kawaida huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Kisha andika ping, anwani hiyo, na herufi -t mwishoni, ili kompyuta iendelee kuipelekea ruta maswali mafupi bila kukoma. Katika dirisha la pili fanya vivyo hivyo kwa anwani ya nje, kwa mfano 8.8.8.8. Majibu ya ruta yakirudi kwa milisekunde chache tu, tena kwa utulivu, huku yale ya nje yakipotea, Wi-Fi yako haina kosa na hakuna kifaa cha nyumbani cha kulaumiwa. Majibu ya ruta yenyewe yakiruka kutoka milisekunde 3 hadi 400, au yakikosekana kabisa, basi tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, yaani hewani.

Dirisha hilo la kwanza liache wazi. Litakuwa chombo chako kikuu cha kupimia katika hatua zote zinazofuata, na lina faida moja kubwa juu ya zile programu za kupima kasi ya intaneti: halichanganyi hali ya nyumba na hali ya mtoa huduma.

Umeme nao uangaliwe. Mahali ambapo volti hushuka jioni, chaja ya ruta iliyochoka hushindwa kuilisha ipasavyo, na ruta hujizima na kujiwasha yenyewe. Dalili yake ni taa zote kuzimika kwa pamoja kisha kuwaka moja baada ya nyingine, na mtandao kurudi baada ya dakika moja au mbili. Hilo si suala la mawimbi.

Tenganisha udhaifu na kelele

Mawimbi yakiwa dhaifu na mawimbi yakiwa na kelele, mtumiaji huona jambo lile lile: mtandao mzito. Tofauti yake hujulikana kwa kutazama nguvu ya mawimbi. Programu za kuchunguza Wi-Fi kwenye simu za Android huionyesha kwa dBm, namba hasi ambayo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kati ya -40 na -60 hali ni nzuri; karibu na -67 ndipo mafundi wengi huweka mpaka wa simu za sauti na video; ikishuka chini ya -75, tegemea shida hata kama hakuna kifaa chochote kinachoingilia. Namba ikiwa mbaya, mtuhumiwa ni ukuta wa matofali ya saruji, zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia au tangi la maji lililo kati yako na ruta, na dawa yake ni kuisogeza ruta. Namba ikiwa nzuri, mistari ya Wi-Fi imejaa kwenye simu, na bado pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinapotea, hapo ndipo neno "mwingiliano" linapostahili kutumika.

Mtandao hufa kwa dakika chache kisha hufufuka wenyewe

Hii ndiyo dalili inayotambulika kwa urahisi kuliko zote, na mara nyingi chanzo chake kiko jikoni. Kiini cha maikrowevu ni magnetroni, inayotoa mawimbi ya karibu 2.45 GHz kwa nguvu ya wati 700 hadi 1,000 ndani ya sanduku la chuma. Sanduku huzuia karibu yote, lakini si yote. Kiasi kidogo mno kinachopenya kwenye kingo za mlango hakimdhuru mtu aliyesimama jikoni; hata hivyo ruta hutangaza kwa takribani sehemu moja ya kumi ya wati, na simu iliyo mbali nayo hupokea sehemu ndogo kabisa ya hiyo, hivyo kile kinachovuja kinaweza kuyafunika mawimbi ya Wi-Fi kwa urahisi.

Usumbufu huo una umbo lake. Maikrowevu nyingi za kawaida zinazotumia transfoma hutoa mawimbi katika nusu moja tu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wetu wa 50 Hz, hiyo ni milisekunde 10 za kelele zikifuatiwa na milisekunde 10 za kimya. Pakiti zinazobahatika kuingia katika kimya hicho hufika, na ndiyo sababu ujumbe wa maandishi unaweza kupita huku simu ya sauti ikikatika vipande vipande. Anayeona ujumbe ukienda huwa na hakika kwamba mtandao upo, kisha anamlaumu mtu wa upande wa pili kwamba simu yake ni mbovu.

Jaribio lenyewe ni hili: weka kikombe cha maji ndani ya maikrowevu, kwa kuwa haipaswi kuwashwa tupu, iwashe kwa dakika moja, na utazame dirisha la ping. Majibu yakiharibika mara inapowaka na kutulia mara inapozima, huna haja ya ushahidi mwingine. Tiba bora ni kuhamishia simu na kompyuta kwenye masafa ya 5 GHz ambayo maikrowevu haiyagusi. Kama ruta yako ina 2.4 GHz pekee, chagua chaneli ya 1 (chaneli ni kijisehemu cha ukanda huo, nawe huichagua kwenye mipangilio ya ruta), kwa sababu kelele ya tanuri hujikusanya zaidi kwenye maeneo ya chaneli ya 8 na 9 na kuendelea juu, kisha uisogeze ruta mbali na ukuta wa jikoni. Safisha pia kingo za mlango. Na kama mlango umepinda au kufuli yake imelegea, tanuri isitumike mpaka itengenezwe, na hapo sababu si Wi-Fi tena.

Wanaodhani jambo hili ni dogo wanaweza kukumbuka kituo cha darubini ya redio cha Parkes nchini Australia, ambako wanasayansi walinasa ishara za ajabu tangu 1998 wasijue zinatoka wapi. Mwaka 2015 walieleza kuwa chanzo chake ni maikrowevu za kituo hicho hicho, hasa pale mtu alipofungua mlango kabla tanuri haijamaliza muda wake.

Mtandao ni mzito kila jioni, na asubuhi ni mwepesi

Anayeishi kwenye ghorofa Nairobi au kwenye nyumba zilizobanana za Dar es Salaam akifungua programu ya kuchunguza Wi-Fi anaweza kuona mitandao ya majirani kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa zaidi la mawimbi katika makazi ya mjini, kubwa kuliko maikrowevu, ila halisimuliwi sana kwa kuwa halina kifaa cha kunyooshewa kidole.

Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa katika chaneli 13 katika nchi nyingi. Vituo vya chaneli hizo vimepishana kwa 5 MHz tu, ilhali Wi-Fi moja huhitaji upana wa takribani 20 MHz. Matokeo yake ni kwamba chaneli jirani hulaliana, na ukitaka zisizogusana kabisa unabaki na tatu ambazo kila ruta inazikubali: ya 1, ya 6 na ya 11. Hapa wengi hukosea kwa nia njema. Wanaona majirani wamejaa chaneli ya 1 na ya 6, wanajiambia wakae katikati, wanachagua ya 3 au ya 4, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Sababu iko katika adabu ya Wi-Fi yenyewe. Kila kifaa husikiliza kabla ya kutuma. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husomana na kupokezana zamu kama wazungumzaji wa baraza moja. Mwendo unapungua lakini maneno yanafika. Kifaa hicho kinaweza kuitambua Wi-Fi ya chaneli yake hata ikiwa na nguvu ndogo ya -82 dBm. Mawimbi ya chaneli inayolaliana nusunusu hakiwezi kuyasoma. Kwake ni kelele tu, na kelele huisubiri pale tu inapofika takribani -62 dBm. Chini ya hapo kinatuma juu yake, pakiti zinagongana, na pande zote mbili zinalazimika kurudia. Kwa hiyo ni afadhali kushiriki chaneli ya 6 na jirani kuliko kukaa peke yako kwenye ya 4.

Ingia kwenye mipangilio ya ruta, acha kabisa upana wa 40 MHz katika masafa ya 2.4 GHz na uweke 20 MHz, kwa sababu ule mpana hula karibu nusu ya ukanda wote na kukuletea kelele za kila jirani. Kisha, kati ya 1, 6 na 11, chagua ile ambayo mitandao inayosikika kwa nguvu ni michache. Idadi peke yake isikudanganye: mitandao minne iliyo kwenye -88 ina madhara madogo kuliko mmoja ulio kwenye -50 nyuma ya ukuta wako. Vipimo vifanyike jioni, saa ambayo tatizo lipo, maana picha ya saa nne asubuhi haina msaada. Mpangilio wa ruta kujichagulia chaneli unafaa kwa baadhi ya ruta. Nyingine huchagua mara moja tu zinapowashwa na kubaki hapo hapo.

Pamoja na hayo, usisahau kwamba jirani anaweza kuwa wewe mwenyewe. Simu iliyoachwa imewasha hotspoti, ruta ya zamani ya laini ya simu iliyobaki imechomekwa, printa inayotangaza mtandao wake, na ekstenda (kifaa cha kurefusha mawimbi ya Wi-Fi) iliyonunuliwa ili kusaidia, vyote hutangaza kwenye ukanda ule ule. Ekstenda nyingi za bei nafuu hupokea na kurusha kwenye chaneli moja, hivyo kila pakiti inasafiri mara mbili hewani. Kama waya unaweza kupitishwa, ruta ya pili iliyounganishwa kwa kebo na kuwekwa kwenye chaneli tofauti itafanya kazi vizuri zaidi.

Kompyuta moja tu ndiyo inayosumbuka, na simu iliyo kando yake iko sawa

Tazama kilichochomekwa kwenye kompyuta hiyo. Vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje na kebo zisizokingwa vizuri, hutoa kelele pana inayofika ndani ya ukanda wa 2.4 GHz. Kampuni ya Intel ililieleza suala hili kwa kina katika waraka wa 2012, na halijatoweka. Mtumiaji huona Wi-Fi ikidhoofika anaponakili faili kubwa, au mausi isiyo na waya ikianza kurukaruka kwa sababu kipokezi chake kidogo kimechomekwa pembeni ya tundu la USB 3.0.

Chomoa diski na uangalie ping. Ikiwa ndiyo yenye kosa, ihamishie upande wa pili wa kompyuta, itumie kebo fupi iliyokingwa vizuri, na kipokezi cha mausi kisogezwe kwa waya wa kurefushia. Kosa hili hujificha pia mahali ambapo watu hawapatazami: diski iliyochomekwa kwenye kisanduku cha televisheni kilicho kando ya ruta, au kwenye ruta yenyewe. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kulishusha tundu hilo hadi kasi ya USB 2.0, na kwa anayetazama filamu tu hatahisi tofauti.

Tangu kifaa kipya kije, hakuna raha

Vifaa hatari zaidi kwa Wi-Fi ni vile vya analogi vinavyorusha picha bila kupumzika: kamera za zamani za kumwangalia mtoto, baadhi ya kamera za ulinzi zisizo na waya za bei ya chini, na visanduku vya kurushia picha ya televisheni kutoka chumba kimoja hadi kingine. Havisikilizi kabla ya kutuma na havinyamazi, na wala havionekani kwenye programu ya kuchunguza Wi-Fi, kwa sababu programu hiyo huonyesha mitandao ya Wi-Fi pekee. Skrini inaweza kuonyesha chaneli tupu kabisa, kumbe imejaa kelele. Kwa vifaa hivi jaribio pekee la nyumbani linaloaminika ni kuvizima.

Bluetooth ni mpole zaidi. Huruka kati ya chaneli 79 ndogo mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 ina uwezo wa kuzikwepa zile zilizokaliwa. Usumbufu unaohusishwa nayo mara nyingi hutokea ndani ya simu yenyewe, ambako Wi-Fi na Bluetooth hutumia chipu moja na pengine antena moja, zikigawana muda. Spika za masikioni zikikwaruza kila unapopakua kitu, ipeleke simu kwenye 5 GHz na ugomvi utaisha. Vihisi na taa janja zinazotumia Zigbee, mfumo wa mawasiliano wa vifaa vidogo vya nyumbani, nazo zimo kwenye 2.4 GHz, lakini hutuma kidogo sana. Kwa kawaida zenyewe ndizo zinazoumizwa na Wi-Fi, kwa hiyo kitovu chake kisiwekwe juu ya ruta.

Wapo wanaosingiziwa. Rimoti ya televisheni hutumia mwanga wa infraredi. Rimoti nyingi za geti na za gari ziko karibu na 433 MHz. Redio ya FM iko chini zaidi, na simu za mezani zisizo na waya za mfumo wa DECT ziko kati ya 1880 na 1900 MHz katika nchi zinazofuata mpangilio wa Ulaya. Chaja duni na taa za LED za bei rahisi hutoa kelele kweli, lakini nyingi yake ni ya masafa ya chini, na huisumbua redio na laini ya intaneti ya waya wa shaba kuliko Wi-Fi.

Mtandao wa 5 GHz hutoweka kwenye orodha, kisha hurudi

Hapa hakuna kifaa cha nyumbani chenye kosa. Chaneli za 52 hadi 64 na 100 hadi 144 hushirikiwa na rada, na sheria zinaitaka ruta isikilize kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuzitumia, na ihame mara inapohisi rada. Wanaoishi karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa huliona hili zaidi. Weka chaneli ya 36, 40, 44 au 48, na mtandao utatulia.

Ukiwa umejaribu yote na chanzo hakijulikani, chagua saa ambayo tatizo lipo, ziache ruta na kompyuta ndogo yenye betri zikiwa zimewashwa, na uzime swichi za nyumba nzima chumba baada ya chumba huku dirisha la ping likiwa wazi. Ruta inaweza kulishwa na betri ndogo ya akiba ili isizimike wakati wa jaribio. Kumbuka vifaa vyenye betri, maana swichi haivizimi. Ping isipotulia hata nyumba ikiwa kimya, kelele inatoka nje. Mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ndizo zinazosimamia masafa na kuidhinisha vifaa, na kifaa kinachotoa nguvu kupita kiasi kinachoruhusiwa ni suala lao. Lakini dhidi ya jirani mwenye ruta halali kwenye masafa yasiyo na leseni huna dai lolote. Kilichobaki ni kuhamia 5 GHz, au kuvuta kebo hadi kwenye televisheni na kompyuta ya mezani, ambavyo havina sababu ya kuwa hewani.